Bahasha ya Maegesho Uingereza: Jinsi Nilivyoipinga Hadi Ikafutwa

Kati yetu Waswahili tunaoishi Uingereza, ukiletewa barua ya kudaiwa pesa za maegesho utapewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: lipa haraka kabla haijapanda, usijitafutie matatizo kwenye nchi ya watu. Wa pili: itupe, hao si serikali, hawana la kukufanya. Wa kwanza nimeusikia msikitini, wa pili kazini, na wote wanaoutoa wana nia njema. Mimi nilipinga faini ya namna hiyo mpaka ikafutwa, na tangu hapo nimekaa na watu kadhaa mezani tukisoma barua zao mstari kwa mstari. Nimeona ushauri wa kwanza ukimla mtu pesa asizodaiwa, na wa pili ukimfikisha mtu mahakamani bila yeye kujua.

Dai langu lilitoka kwa kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya kituo cha maduka. Pale kuegesha ni bure kwa saa tatu. Barua ilisema gari langu liliingia saa 4:12 asubuhi na kutoka saa 11:38 jioni, kwa hiyo ninadaiwa pauni 100, au pauni 60 nikilipa ndani ya siku 14. Chini yake kulikuwa na picha mbili, kila moja imeandikwa muda wake. Kwenye ya kwanza lami ni kavu na jua linamulika bampa. Kwenye ya pili taa za gari zinawaka na mvua inanyesha. Namba ya gari inasomeka vizuri kwenye zote mbili. Mtu asiyejua kilichotokea angesema ushahidi umekamilika.

Lakini siku hiyo niliingia pale mara mbili. Asubuhi nilinunua viatu vya mtoto, nikaondoka kwenda zamu yangu kwenye nyumba ya kulea wazee. Jioni nikarudi kuvibadilisha kwa sababu vilimbana. Katikati ya hapo gari lilikuwa kazini kwangu, maili kadhaa kutoka kwenye maduka hayo. Kampuni ilikuwa imechukua kuingia kwa asubuhi na kutoka kwa jioni, ikaviunganisha kuwa ziara moja ya zaidi ya saa saba.

Nilipompigia shemeji yangu kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Shem, lipa tu hiyo sitini yaishe." Namwelewa. Punguzo lile limewekwa makusudi ili ukae jikoni ukipiga hesabu: sitini leo au mia kesho, pamoja na barua, mahakama na aibu. Kwa anayelipwa kima cha chini cha mshahara, pauni 60 ni zaidi ya nusu ya zamu ya kuinua wazee vitandani. Sikuwa tayari kuzitoa kwa saa ambazo gari langu halikuwepo pale.

Kitu cha kwanza cha kujua ni nani anakudai. Karatasi za halmashauri na za kampuni binafsi zinafanana kwa makusudi: zote huitwa PCN kwa kifupi, na kampuni nyingi hupamba zao kwa miraba ya njano na nyeusi. Ya halmashauri ni adhabu iliyowekwa na sheria, na rufaa yake huenda kwenye baraza huru la rufaa lililowekwa kisheria. Ya kampuni binafsi ni dai la mkataba. Hoja yao ni kwamba ulipoingia ulikuta bango lenye masharti, ukaegesha, basi umekubali, na sasa umevunja makubaliano. Si kosa la jinai. Haiandikwi polisi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimekutana na watu waliolipa huku wakitetemeka, wakidhani karatasi ile itaonekana siku wanaomba viza. Barua kutoka kwa kampuni ya maegesho ni barua ya mtu anayesema anakudai, na anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Anwani yako wanaipata wapi? Kwa wakala wa serikali wa magari, DVLA, ambao huwauzia taarifa za mwenye gari kwa pauni 2.50 kwa kila ombi. Ili waruhusiwe kununua, lazima wawe wanachama wa mojawapo ya vyama viwili vya sekta hiyo, BPA au IPC. Nembo ya chama iko kwenye barua, kwa kawaida chini kabisa. Iangalie mapema, maana ndiyo inayokuambia, kampuni ikikataa rufaa yako ya kwanza, ya pili itaenda chombo gani cha rufaa: wa BPA huenda POPLA, wa IPC huenda IAS.

Sasa kuhusu kamera, maana hapo ndipo penye uzito. Kamera za langoni hazioni gari likiegeshwa. Zinasoma namba linapoingia na linapotoka, kisha programu inalinganisha. Kama wakati wa kutoka kuna gari lililokukaribia sana nyuma au mbele, au namba imechafuka, au jua limepiga kwenye kioo cha kamera, usomaji mmoja unapotea. Ukirudi siku hiyohiyo, mashine inashika kuingia kwa kwanza na kutoka kwa mwisho. Kosa hili linajulikana sana kwenye sekta hiyo, na kanuni zao wenyewe zinawataka wakague kabla ya kutuma barua. Hata pasipo kosa, muda kati ya picha mbili si muda wa kuegesha. Ndani yake kuna kuzunguka kutafuta nafasi, kusoma bango, kufunga watoto mikanda, na kukaa kwenye foleni ya kutokea. Kwa ajili hiyo kanuni zinatoa dakika 10 za nyongeza mwishoni. Dada mmoja wa kazini alikuwa amedaiwa kwa kuzidisha dakika nane. Barua ya aya mbili ilitosha, wakaifuta.

Siku nilipoandika rufaa ya kwanza kwa kampuni, niliwatumia pia ombi la pili, tofauti kabisa: taarifa zote zinazonihusu walizonazo, ikiwemo kila mara ambayo kamera zao zilisoma namba ya gari langu siku ile. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inakupa haki hiyo bure, nao wana mwezi mmoja wa kujibu. Ukiacha hatua moja tu ya mwanzo, usiache hii. Na uifanye siku ileile ya rufaa, kwa sababu majibu yakichelewa yanaweza kukukuta muda wa hatua inayofuata umeisha.

Kwenye rufaa yenyewe niliambatanisha orodha ya kazini inayoonyesha saa niliyoingia na kutoka kwa kadi. Walikataa. Jibu lao lilionekana la kunakiliwa: picha zinaonyesha gari liliingia na kutoka, masharti yako kwenye mabango, rufaa imekataliwa. Kuhusu kadi ya kazini waliandika sentensi moja, kwamba inaonyesha alipokuwa mtu na si lilipokuwa gari. Iliniuma, lakini ilinifundisha jinsi wanavyosoma vielelezo. Risiti za duka la viatu, ya asubuhi na ya jioni, zilionyesha tu kwamba nilikuwepo pale nyakati hizo mbili, jambo ambalo hata wao wanalisema. Nilihitaji kitu kinacholiweka gari mahali pengine.

Nilipata viwili. Taarifa ya benki ilionyesha nimelipa mafuta mchana kwenye kituo kilicho karibu na kazini, na kituo kile kilinichapia nakala ya risiti yenye saa na namba ya pampu. Hicho kilikuwa cha kwanza. Cha pili kilikuja kwenye majibu ya lile ombi la taarifa: jedwali dogo la mistari mitatu. Kuingia, 4:12 asubuhi. Kuingia, 10:57 jioni. Kutoka, 11:38 jioni. Nililisoma tena na tena nikiwa nimesimama. Gari haliwezi kuingia mara mbili bila kutoka katikati. Kampuni ilikuwa na jedwali hilo kwenye kompyuta zake tangu siku ya kwanza, ikachagua mistari miwili iliyoifaa, ikanitumia na picha zake. Nitalisema wazi: kumtisha mtu kwa deni ambalo kumbukumbu zako mwenyewe zinalikanusha ni dhuluma, hata kama ni mashine iliyochagua mistari.

Ukikataliwa na kampuni ya BPA, barua ya kukataliwa lazima iwe na namba ya siri ya kukata rufaa POPLA, na una siku 28 za kuitumia. POPLA ilianza mwaka 2012. Haina ada. Uamuzi wake unaibana kampuni lakini haukubani wewe. Ukishinda, dai linafutwa. Ukishindwa, bado kampuni haina amri yoyote ya kukulipisha mpaka iende mahakamani na kushinda huko. Cha kupoteza ni lile punguzo.

Kwetu sisi kuna jambo la kuangalia hapa. Tumelelewa kuomba. Mtu akidaiwa huanza na pole na samahani: nilikuwa na mgonjwa, mtoto alikuwa analia, naomba mnisamehe kwa mara hii. Maneno hayo yana mahali pake, na mahali penyewe ni kwa meneja wa duka. Mara nyingi ndiye, au kampuni yake, iliyoajiri walinzi wa maegesho, na anaweza kuwaambia wafute. Mpelekee risiti, mweleze kwa adabu kwamba wewe ni mteja wake. Wengi hufuta. POPLA hawana mamlaka ya kuhurumia. Wanauliza jambo moja: je, dai hili lilitolewa sawasawa? Kwa hiyo rufaa yangu haikuwa na samahani hata moja. Ilikuwa na vichwa vya habari vifupi na chini ya kila kimoja kielelezo chake. Jedwali lao lilikuwa la kwanza, risiti ya mafuta ikafuata, kadi ya kazini ikaja mwisho. Niliongeza na picha za mabango nilizopiga jioni, saa kama ile ya tukio, zikionyesha bango la mlangoni lilivyo juu na maandishi ya kiasi cha faini yalivyo madogo. Hoja ya mabango ilikuwa ya akiba tu.

Kuna hoja nyingine ambayo sikuitumia, ila imewaokoa watu niliowasaidia. Iko kwenye sheria ya mwaka 2012 iitwayo Protection of Freedoms Act, jedwali la nne la sheria hiyo (Schedule 4). Kampuni kwa kawaida haijui nani aliendesha. Inamjua aliyeandikwa DVLA kama mtunzaji wa gari (keeper). Kwa England na Wales, sheria hiyo inairuhusu kumdai huyo mtunzaji badala ya dereva, ila kwa masharti. Kama hakuna karatasi iliyoachwa kwenye kioo, barua lazima imfikie ndani ya siku 14 kuanzia siku inayofuata tukio, na barua ya posta huhesabiwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi tangu ilipotumwa. Barua lazima itaje muda wa kuegesha na itoe onyo maalumu kwa mtunzaji. Wakikosea hapo, wanabaki na dereva tu, na hakuna sheria inayokulazimisha kuitajia kampuni binafsi jina la dereva. Scotland na Ireland Kaskazini kifungu hicho hakifiki kabisa. Kwa hiyo kabla hujaandika "niliegesha", hesabu tarehe kwanza, halafu uandike kama mtunzaji wa gari. Kunyamaza kuhusu dereva ni haki yako. Kudanganya ni jambo lingine, na sijawahi kumsaidia mtu kufanya hivyo. Barua yangu mimi ilifika ndani ya muda, nami nilikuwa nimeshasema ukweli wote tangu mwanzo kwa sababu ukweli ulikuwa upande wangu.

Kampuni haikufika hata kuleta utetezi. Baada ya kuona rufaa, walijitoa, na POPLA wakaniandikia kwamba kwa kuwa mdai hapingi, rufaa imekubaliwa. Shemeji alifurahi kuliko mimi. Mimi nilitaka mtu aandike kwamba jedwali lile lilitosha tangu mwanzo. Kampuni ikijitoa inaepuka uamuzi wa kuandikwa, na barua nyingine za namna ileile zinaendelea kutumwa kwa wasiojibu.

Habari zilipoenea, watu walianza kuniletea barua. Si kila barua nimeipinga. Kijana mmoja alikaa saa moja na ushee zaidi ya muda, kwenye maegesho yenye mabango makubwa kila upande, barua imefika mapema, tarehe zote sawa. Nilimwambia alipe ile ya punguzo siku hiyohiyo. Alinishangaa. Nikamweleza kesi ya ParkingEye na Bwana Beavis, ambaye alizidisha dakika 56 kwenye maegesho ya maduka huko Chelmsford na kudaiwa pauni 85. Alipigana hadi Mahakama ya Juu akisema kiasi kile ni adhabu isiyolingana na hasara yoyote. Novemba 2015 majaji wakamkatalia: mwenye maegesho ana maslahi halali ya kutaka magari yapishane, na mabango yalikuwa wazi. Tangu hapo, hoja ya kwamba kiasi ni kikubwa mno kuliko hasara haina nguvu peke yake. Anayekuambia kampuni hizi haziwezi kushinda mahakamani anazungumza habari za zamani.

Na hilo ndilo lililompata mzee mmoja ninayemheshimu sana. Alikuja kwangu na mfuko wa plastiki. "Shikamoo mzee," nikamkaribisha, akaumwaga mezani. "Mwanangu, waliniambia nisizijibu." Kulikuwa na barua ya kwanza ya kampuni, kisha za wakusanya madeni zenye maandishi mekundu, zikiwa zimeongeza pauni 70 za ukusanyaji juu ya deni. Wakusanya madeni hawana mamlaka yoyote. Hawawezi kuingia kwako wala kuchukua kitu. Dalali wa mahakama ndiye anayeweza kutumwa, na huja tu baada ya hukumu ambayo hukulipa. Mpaka hapo mzee hakuwa amepoteza kitu kikubwa. Lakini baadaye alihama nyumba, na kadi ya gari ilibaki na anwani ya zamani. Barua ya kusudio la kushtaki, ambayo hutoa siku 30 za kujibu, ilikwenda huko. Hati ya madai kutoka Mahakama ya Kaunti nayo ikaenda hukohuko. Ukiipata hati hiyo una siku 14 za kukiri umeipokea, na ukikiri unakuwa na siku 28 kwa jumla za kuleta utetezi. Mzee hakuwa na habari. Ikatoka hukumu ya upande mmoja. Aligundua siku alipokwenda kuchukua simu ya mkataba akakataliwa.

Hukumu kama hiyo hukaa kwa miaka sita kwenye rejista inayoangaliwa na wakopeshaji. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja wa hukumu, inaondolewa. Mwezi wa mzee ulikuwa umeshapita. Kilichobaki ni kuiomba mahakama iitengue, na ada ya ombi hilo ilizidi kiasi alichodaiwa mwanzoni, ingawa mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada, naye aliomba. Tulikusanya mkataba wa pango wa nyumba mpya na karatasi ya kodi ya halmashauri yenye tarehe aliyohamia. Tukaandika kwa ufupi kwamba hati haikumfikia, na kwamba ana utetezi wa kusikilizwa, kwa sababu barua ya kwanza kabisa ilikuwa imefika nje ya zile siku 14. Bahasha alikuwa bado nayo, na muhuri wa posta ulionyesha tarehe.

Hakimu aliitengua hukumu kwa simu, kikao kilikuwa kifupi. Dai lenyewe bado lipo na mzee ameshawasilisha utetezi wake. Wiki hiyohiyo tulikaa kwenye kompyuta yangu tukabadilisha anwani kwenye kadi ya gari, kazi ya dakika chache na haina malipo, kisha tukafanya vivyo hivyo kwa leseni yake na kwa gari la mwanawe, ambalo nalo lilikuwa limebaki kwenye anwani ya zamani.